Ujira wa Mtetezi

Tarehe 1 Agosti 1975, mjini Riverside katika jimbo la California, palikuwa na karamu nyumbani kwa Bwana na Bibi Rivera. Polisi wengi waliivamia nyumba hiyo bila ya hati ya mahakama. Walitumia moshi wa kutoa machozi na nguvu zisizohitajiwa, wakaivunja karamu, na wengi katika wageni wakakamatwa. Mashtaka waliyofunguliwa yalifutwa baadaye kwa kuwa hayakuwa na msingi, na hakimu aliyesikiliza habari zote alitamka kwamba karamu ile haikuwa ikiusumbua mtaa wakati ilipovamiwa. Watu wanane, Wamarekani wenye asili ya Meksiko, waliazimia kuidai haki yao. Ndipo walipofika penye swali ambalo kila aliyedhulumiwa na serikali yake hulifikia kabla ya kulifikia baraza la hakimu: nani atakubali kuwa wakili wao, na nani atamlipa?

Swali hili haliulizwi kwa sauti kubwa. Wanafunzi wa sheria hufundishwa haki ni nini, imeandikwa wapi, na imefasiriwa na nani. Lakini bei ya kumpata mtu ajuaye kuinena haki hiyo barazani huachwa kuwa jambo la ofisini, kana kwamba ni habari ya kodi ya pango na ununuzi wa wino. Walakini mtu akiuchunguza mwenendo wa haki za raia katika Marekani ataona kwamba bei hiyo imeamua mambo mengi kuliko hotuba.

Hebu watu wanane hao watazamwe kwa jicho la wakili wanayemwendea. Hakuna aliyeuawa wala aliyekatwa kiungo. Kilichopotea ni heshima, na amani ya nyumba, na uhuru wa saa chache, vitu ambavyo havina stakabadhi. Upande wa pili umesimama mji wenye hazina yake na wanasheria wake wa mshahara, ambao hawana haraka. Desturi ya Marekani kwa mdai asiye na fedha ni kumwahidi wakili sehemu ya fidia endapo atashinda, aghalabu theluthi, na kutompa ujira wowote akishindwa. Desturi hiyo humfaa sana mtu aliyegongwa na lori, maana mguu una bei inayojulikana. Mtu aliyefedheheshwa mbele ya wageni wake hana bei ya namna hiyo. Wakili, hata awe mwema kiasi gani, ana karani wa kulipa na watoto wa kusomesha. Akichukua kesi kumi za fedheha kwa theluthi ya fidia ndogo, ya kumi na moja itamkuta amekwisha kufunga ofisi.

Msomaji wa Dar es Salaam au Nairobi pengine atauliza kwa nini wakili huyo asingoje kulipwa na aliyeshindwa. Katika mahakama za Afrika Mashariki, zilizorithi desturi ya Uingereza, kanuni ni kwamba gharama hufuata ushindi: mshinde huamriwa kumlipa mshindi gharama za kesi, ingawa hakimu aweza kuamua vingine. Marekani ilichagua njia nyingine. Huko kila mtu humlipa wakili wake mwenyewe, ashinde au ashindwe. Njia hiyo ina wema wake nao usidharauliwe, kwa kuwa maskini hana hofu kwamba akishindwa atauziwa kitanda ili wakili wa tajiri apate kulipwa. Ubaya wake ni kwamba mtu aweza kushinda kesi akatoka barazani amepungukiwa kuliko alivyoingia.

Sheria yenyewe ya kumshtaki mwenye mamlaka ilikuwapo zamani. Mwaka 1871, katika vita vyake na genge la Ku Klux Klan, Bunge la Marekani, yaani Kongresi, lilipitisha sheria iliyomruhusu mtu aliyenyimwa haki zake za kikatiba kumshtaki yule aliyemnyima kwa kutumia mamlaka ya jimbo. Sheria hiyo ikalala kwa karibu miaka tisini. Iliamshwa mwaka 1961 na kesi ya Monroe, baba wa watoto sita katika mji wa Chicago, ambaye nyumba yake iliingiliwa alfajiri na polisi 13 wasio na hati. Yeye na mkewe walisimamishwa uchi sebuleni, nyumba ikapekuliwa, naye akawekwa kituoni saa kumi kisha akaachwa aende zake bila shtaka. Mji wa Chicago ulijitetea kwamba askari waliovunja sheria za jimbo lao wenyewe wapaswa kushtakiwa katika mahakama za jimbo. Mahakama ya Juu ya Marekani haikukubali upande wa askari, ikasema kwamba aliyevaa mamlaka ya jimbo amevaa mamlaka hayo hata anapoyatumia vibaya. Mji wenyewe ulisalimika mpaka mwaka 1978, Mahakama hiyo ilipougeuza uamuzi wake juu ya miji. Basi tangu 1961 mlango ulikuwa wazi. Nauli ya kuufikia haikusemwa.

Katika miaka hiyo nauli ililipwa na chama. NAACP, chama cha kutetea haki za Wamarekani Weusi, kilikuwa na mawakili wake, na mfuko wake wa utetezi ulioanzishwa mwaka 1940 uliongozwa na Thurgood Marshall. Katika jimbo la Virginia mawakili hao walilipwa ujira usiozidi dola 60 kwa siku, pamoja na gharama walizotoa mifukoni mwao. Hata ujira huo ulikuwa mwiba kwa wakuu wa jimbo. Mwaka 1956 walitunga sheria za kukizuia chama kisitafute wadai wala kisiwapelekee mawakili, wakitumia kanuni ya kale isemayo kwamba wakili hapaswi kuzunguka akiomba kesi kama mchuuzi. Kanuni hiyo ilitungwa kumzuia wakili mlafi. Hapo ilikuwa imegeuzwa kuwa kufuli la kumfungia nje mtu asiyejua kwamba ana haki. Mwaka 1963 Mahakama ya Juu ililivunja kufuli hilo. Iliona kwamba kwa watu waliofungiwa njia za siasa kesi yenyewe ni namna ya kusema, na kwamba kukutana na kushauriana ili kuifungua kunalindwa na katiba.

Lakini chama kilimlipa wakili tu. Mdai alijilipia mwenyewe, tena kwa sarafu nyingine. Katika wilaya ya Clarendon, South Carolina, mkulima aitwaye Levi Pearson alikubali mwaka 1948 kuwa mdai ili watoto Weusi wapate gari la kuwapeleka shuleni. Kesi yake ilitupwa kwa sababu shamba lake lilikuwa mpakani, na kodi yake ikaonekana kuwa imelipwa katika eneo jingine la shule. Hapo tayari alikwisha kunyimwa mkopo wa mbegu na mbolea. Baada yake walijitokeza wengine, na jina la Harry Briggs likawa la kwanza katika orodha. Akafukuzwa kazi katika kituo cha petroli, na mkewe akafukuzwa hotelini alikofanya kazi. Kesi yao ni mojawapo ya zile zilizounganishwa katika hukumu ya mwaka 1954 iliyopiga marufuku ubaguzi wa rangi katika shule za serikali. Vitabu hukumbuka hukumu. Kituo cha petroli husahauliwa upesi.

Marshall huyo huyo si mgeni katika historia ya Afrika Mashariki. Mwezi wa Januari 1960, kwa njia ya Tom Mboya, wajumbe Waafrika wa Kenya walimchukua kuwa mshauri wao katika mkutano wa katiba wa Lancaster House, London. Aliandika rasimu ya haki za raia wa nchi iliyokuwa ikingojea uhuru, na katika rasimu hiyo alijali pia mali za walio wachache, jambo ambalo mtetezi wa wanyonge hakulazimika kulikumbuka wakati wanyonge walipokuwa karibu kutwaa nguvu. Mwaka 1967 akawa mtu Mweusi wa kwanza kuwa jaji wa Mahakama ya Juu ya nchi yake. Jina lake litarudi katika habari hizi.

Chama hakiwezi kuwa kila mahali, na dhuluma nyingi ni ndogo mno kwa chama kuzishughulikia. Sheria ya Haki za Raia ya mwaka 1964 ilipokataza ubaguzi katika hoteli na mikahawa, ilimpa mdai amri ya kumzuia mwenye mkahawa asiendelee kubagua, lakini haikumpa fidia hata senti moja. Nani angemlipa wakili theluthi ya hewa? Kongresi ililiona jambo hilo, ikamruhusu hakimu kumwamuru mshinde alipe ujira wa wakili wa mshindi. Mwaka 1968, katika kesi ya mikahawa ya nyama choma ya Piggie Park, South Carolina, ambayo haikuwakubali wateja Weusi kukaa na kula, Mahakama ya Juu ilisema kwamba ujira huo utolewe kwa kawaida, isipokuwa pawe na sababu ya pekee ya kuunyima. Ilitoa hoja yenye nguvu: mtu anayeshtaki chini ya sheria hiyo hapiganii mfuko wake, anafanya kazi ya mwanasheria mkuu wa serikali, akiilinda sheria kwa niaba ya wote. Haifai basi ailinde kwa gharama zake.

Majaji wengine walianza kuitumia hoja hiyo katika kesi za sheria nyingine zisizotaja ujira, mpaka mwaka 1975 Mahakama ya Juu ilipowakataza, ikisema kwamba ni Kongresi pekee iwezayo kuihalifu desturi ya nchi. Kongresi haikukawia. Tarehe 19 Oktoba 1976 Rais Ford alitia sahihi sheria ya ujira wa mawakili wa haki za raia, nayo sheria ile ya 1871 ikawekwa chini ya ulinzi wake. Miezi minne hivi kabla ya hapo, watu wanane wa Riverside walikuwa wamekwisha kuifungua kesi yao.

Waliushtaki mji, mkuu wa polisi, na askari 30. Kesi ilichukua miaka. Askari 17 waliondolewa njiani. Mwaka 1980 baraza la raia walioapishwa, liitwalo juri, liliwapa wadai ushindi juu ya mji na juu ya askari watano, na kukadiria fidia ya dola 33,350 kwa wote wanane. Kisha mawakili wawili wa wadai walipeleka hesabu yao: saa 1,946.75 za kazi kwa dola 125 kila saa, na saa 84.5 za wasaidizi wao kwa dola 25. Jumla ikawa dola 245,456.25. Hakimu aliipitisha yote.

Mji wa Riverside ulilia, na kilio chake hakikuwa cha kipuuzi. Ujira uliizidi fidia zaidi ya mara saba. Jaji Rehnquist, ambaye shauri hilo lilipofika Mahakama ya Juu alikuwa upande wa walioukataa ujira, alizitaja saa 197 ambazo wakili mmoja aliandika kuwa alizitumia kuzungumza na mwenziwe, na saa 143 za kutayarisha hati moja kabla ya kesi kusikilizwa. Akauliza, kwa maneno mengine, ni mteja gani mwenye akili angetoa robo milioni ili apate elfu thelathini na tatu. Mtu yeyote aliyepata kulipa ankara ya wakili ataisikia nguvu ya swali hilo. Hata anayeupenda ushindi wa wanyonge akubali kwamba saa huandikwa na yule yule anayelipwa kwa saa.

Jibu lilitoka kwa hakimu aliyeisikiliza kesi, ambaye aliwaona wadai kwa macho yake. Alisema fidia ilikuwa ndogo kwa sababu mbili: juri huona uzito kuwatoza polisi fedha nyingi, na wadai wenyewe waliyaeleza maumivu yao kwa utulivu na kujiheshimu. Sababu hii ya pili yastahili kukaliwa kitako. Laiti watu wale wangelia kizimbani, wakajigaragaza na kuongeza chumvi, huenda wangalipewa zaidi, na ujira wa mawakili ungalionekana wa kadiri. Walijizuia, na kujizuia kwao kukawa hoja ya mji dhidi ya mawakili wao. Tarehe 27 Juni 1986 majaji watano dhidi ya wanne waliuthibitisha ujira wote. Jaji Brennan aliandika kwamba haki ya raia haipimwi kwa fedha peke yake, na Marshall alikuwa pamoja naye.

Basi yaelekea mnyonge amepata mtetezi, na mdhalimu ndiye alipaye. Lakini miezi miwili tu kabla ya hukumu hiyo, Mahakama hiyo hiyo ilikuwa imekata shauri jingine lililoonyesha ufa katika jengo. Katika jimbo la Idaho, wakili wa shirika la kuwasaidia maskini aliwashtaki maofisa wa jimbo kwa niaba ya watoto wenye maradhi ya akili na ya hisia, ambao matunzo na elimu yao havikuwa vya kutosha. Juma moja kabla ya kesi kusikilizwa, wakuu wa jimbo walimjia na suluhu. Watawapa watoto karibu kila kitu kilichoombwa, kwa sharti moja: wakili asidai ujira.

Mtu na ajiweke mahali pake. Shirika lake lilitegemea ujira huo ili liweze kuwatetea wengine, nalo lilikuwa limemwagiza asiuachilie. Wateja wake walikuwa watoto wasioweza kungoja. Kiapo cha kazi yake kilimwamuru aangalie faida ya mteja tu. Alitia sahihi, kisha akamwomba hakimu alikatae sharti lile kwa kuwa alishurutishwa na dhamiri yake mwenyewe. Majaji sita walimjibu kwamba ujira ni haki ya mdai, si ya wakili, na mdai aweza kuiuza haki hiyo kama aonavyo. Kwa hiyo suluhu yasimama. Brennan, Marshall na Blackmun walikataa. Waliona kwamba kila mwenye mamlaka atajifunza hila hiyo, na kwamba wakili aliyetoka mikono mitupu leo hatakuwapo kesho mteja wa pili atakapobisha hodi.

Ni jambo la kutafakari kwamba hapa hakuna aliyetenda ubaya. Watoto walipata matunzo, wakili alikuwa mwaminifu, nayo sheria ikafasiriwa kama ilivyoandikwa. Aliyepata hasara ni mtu ambaye hakuwapo barazani, yaani mdhulumiwa ajaye, na mtu huyo hana wakili wa kumsemea.

Tangu hapo mkataba baina ya mteja na wakili wake umekuwa mrefu. Mawakili wengine huandika ndani yake nini kitafanyika endapo suluhu yenye sharti la kuachilia ujira italetwa mezani. Mteja naye hana budi kuusoma vema, maana mwaka 1990 mtu mmoja wa California aliyekuwa ameshinda fidia ya zaidi ya dola milioni mbili kwa kusingiziwa kosa la kuua, alijaribu kumzuia wakili wake asichukue asilimia 40 waliyopatana, akisema kwamba mahakama ilikwisha kukadiria ujira wa dola 75,000. Alishindwa. Kadirio la mahakama ni deni la mdaiwa. Ahadi ya mteja kwa wakili wake ni deni jingine, na halifutiki kwa la kwanza. Tena kuna saa inayogonga. Muda wa kufungua kesi za namna hii hufuata sheria ya jimbo, mahali pengi miaka miwili au mitatu, na mahali pengine, kama Tennessee, mwaka mmoja tu. Kwa madai ya sheria ya jimbo yenyewe, New York humtaka mdai aujulishe mji katika siku 90. Mtu anayeuguza majeraha huku akisubiri ghadhabu itulie kabla ya kumtafuta wakili, aweza kukuta haki yake imekwisha kufa kitandani pake.

Habari ya mwisho yatoka Virginia tena. Mwaka 1916 hakukuwa na mengi ya kunyang'anywa dereva. Mwaka 2016 leseni ilikuwa riziki. Katika mwaka huo madereva walishtaki kwa sababu jimbo lilizifungia leseni za watu walioshindwa kulipa faini za mahakama, bila kuuliza kama wanazo fedha za kulipa. Mwezi wa Disemba 2018 hakimu alitoa amri ya muda ya kuzuia jambo hilo, akisema kwamba yaelekea watashinda. Kabla hukumu kamili haijatolewa, bunge la jimbo liliifuta sheria, leseni zikarudi, na kesi ikafungwa kwa kuwa hapakuwa tena na la kuamua. Mawakili waliomba ujira wao. Tarehe 25 Februari 2025 Mahakama ya Juu, majaji saba dhidi ya wawili, iliamua kwamba aliyepata amri ya muda tu hakuitwa mshindi, na asiyeitwa mshindi halipwi.

Madereva wanaendesha magari yao. Mwanasheria wa jimbo lolote aweza sasa kuingoja amri ya muda itolewe, kisha akaishauri serikali yake iifute sheria mbaya kabla ya hukumu, bila ya kutoa hata senti kwa walioipinga. Naye wakili wa upande wa pili, mteja mpya anapoingia na karatasi zake mkononi, hulazimika kulipima jambo hilo kabla hajamkaribisha kiti.